Jino Likikuamsha Usiku: Vidonge vya Maumivu na Niliyojifunza Baina ya Embu na Meru



Wahenga wetu walisema dawa ya jino ni kung'oa. Wengi wetu lakini, kabla ya kufika kwa mng'oaji, hupitia duka la dawa. Tunanunua vidonge vya shilingi hamsini, tunameza, maumivu yanatulia, na safari ya kwa daktari inaahirishwa hadi wiki nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya vidonge hivyo: vinafanya nini, nani anafaa kuvimeza, nani vinaweza kumdhuru, na kwa nini havitibu jino. Nimeamua kuandika kwa sababu mwenyewe nilikaribia kujidhuru.

Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu chuoni Embu. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufika huko juu, niliona nisirudi Mombasa bila kwenda Maua kumsalimia mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiteremsha miraa Pwani. Matatu ilipopita Runyenjes jino la nyuma likaanza kugonga. Kufika Chuka nilikuwa nimeshika shavu kwa mikono miwili. Gari liliposimama, nikaingia duka la dawa la karibu. Kijana wa dukani hakuniuliza swali lolote. Alinipa bahasha ya kaki isiyo na jina la dawa, ndani mna vidonge vyeupe, vidonge vya waridi na kapsuli za rangi mbili. "Meza moja moja ya kila aina, kutwa mara tatu."

Nilimeza papo hapo kwa maji ya chupa. Nilikuwa sijala tangu usiku wa jana.

Nilipofika Maua tumbo lilikuwa linaniwaka. Mama mwenyeji wangu ni muuguzi mstaafu. Aliimwaga ile bahasha kiganjani, akavitazama vidonge kimoja kimoja, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Nikamwambia bado. "Na wewe si mtu wa presha?" Nikamwambia ndiyo Mama, nameza losartani kila asubuhi. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba cheupe ni diklofenaki, cha waridi ni Brufen, na hivyo viwili ni ndugu wa tumbo moja. Kuvimeza pamoja hakuongezi nafuu, kunaongeza madhara tu. Na mtu wa presha alitakiwa aulizwe kwanza.

Yafuatayo ni aliyonifundisha mama yule, pamoja na niliyoyasoma na kuwauliza wataalamu baadaye.

Kwa nini jino linauma kiasi hiki

Chini ya ganda gumu la jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Tundu likichimba hadi kikaribie kiini, vijidudu huingia na kiini huvimba. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini cha jino hakina pa kutanukia, maana kimezungukwa na ukuta mgumu pande zote. Uvimbe unaugandamiza mshipa wa fahamu, na ndiyo maana jino hugonga pamoja na mapigo ya moyo, na maumivu huzidi ukilala kwa vile damu hukimbilia kichwani.

Uvimbe huo unachochewa na kemikali ambazo mwili wenyewe huzitengeneza, ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi ndizo huufanya mshipa wa fahamu uwe mwepesi wa kuhisi maumivu.

Jamii ya Brufen na jamii ya Panadol

Vidonge vya maumivu tunavyovijua viko katika makundi mawili makubwa, na kosa letu kubwa ni kuyachanganya.

Kundi la kwanza ni dawa zinazotuliza maumivu na kupunguza uvimbe pia. Humu mna ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen, diklofenaki au Voltaren, naproksini, asidi ya mefenamiki au Ponstan, meloksikamu, piroksikamu, na mkongwe wao aspirini. Zote huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1971 na mwanasayansi Mwingereza John Vane alipokuwa akiichunguza aspirini, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ibuprofeni yenyewe ilitokana na utafiti wa Stewart Adams na John Nicholson wa kampuni ya Boots mjini Nottingham, na ikaanza kutumika Uingereza mwaka 1969.

Kundi la pili ni parasetamoli, yaani Panadol na wenzake. Hii hutuliza maumivu na kushusha homa, lakini haipunguzi uvimbe kwa kiasi cha maana. Faida yake ni kwamba hailichomi tumbo kama wale wa kundi la kwanza.

Kwa kuwa maumivu ya jino yanaanzia kwenye uvimbe, kundi la kwanza ndilo hufanya kazi vizuri zaidi kwa mtu asiye na kizuizi. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwa walio na umri wa miaka 12 na zaidi. Mwongozo huo unasema dawa za kwanza kwa maumivu makali ya meno ni za jamii ya ibuprofeni, peke yake au pamoja na parasetamoli. Dawa kali za jamii ya afyuni zibaki za mwisho kabisa.

Kwa hiyo kuchanganya ibuprofeni na parasetamoli kunakubalika, kwa vile ni makundi mawili tofauti na husaidiana. Kuchanganya ibuprofeni na diklofenaki ni makosa, maana ni kundi moja.

Kipimo kwa mtu mzima mwenye afya

Ibuprofeni miligramu 400, baada ya chakula na maji ya kutosha, kila baada ya saa 6 hadi 8. Bila maagizo ya daktari usipite miligramu 1200 kwa siku, yaani vidonge 3 vya 400 au 6 vya 200. Mfano mwepesi ni saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku.

Ikiwa haitoshi, ongeza parasetamoli miligramu 500 hadi 1000 kila baada ya saa 6, usipite miligramu 4000 kwa siku. Ukizidisha, ini ndilo linaloumia, na linaweza kuumia bila wewe kuhisi chochote siku ya kwanza. Mwenye maradhi ya ini, au mtu mwembamba sana, apewe kipimo kidogo zaidi na mtaalamu. Kumbuka pia kwamba vidonge vingi vya mafua na vya kichwa vinavyouzwa madukani vina parasetamoli au aspirini ndani yake. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kujumlisha.

Mtoto hapimiwi kwa kukata kidonge cha baba nusu. Hupimiwa kwa uzito wake, kwa dawa ya maji, kama atakavyoelekeza mwenye ujuzi. Aspirini asipewe kabisa mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa kuwa inaweza kumletea ugonjwa nadra lakini mbaya wa ubongo na ini.

Na sindano? Wengi wetu tunaamini sindano ya diklofenaki "haipiti tumboni" kwa hiyo haina madhara. Si kweli. Dawa hii hulidhuru tumbo kwa kupitia damu, kwa sababu prostaglandini zilezile zinazoleta maumivu ya jino ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Iwe kidonge au sindano, ulinzi unapungua.

Nani asiguse jamii ya Brufen bila daktari

- Mwenye vidonda vya tumbo, au aliyewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami.
- Mwenye maradhi ya figo. Prostaglandini husaidia kupeleka damu kwenye figo, na zikizuiwa figo hukosa damu ya kutosha.
- Mwenye presha, hasa anayemeza losartani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza maji. Ukiongeza ibuprofeni juu ya hizo mbili, figo zinaweza kufeli. Presha yenyewe pia hupanda.
- Mwenye maradhi ya moyo au aliyepata kiharusi. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliagiza watu hawa wasipewe diklofenaki kabisa.
- Mwenye pumu ambaye kifua humbana akimeza aspirini au ndugu zake.
- Anayemeza warfarini au dawa nyingine ya kuifanya damu iwe nyepesi.
- Mama mjamzito. Mwaka 2020 wasimamizi wa dawa wa Marekani walionya zisitumike kuanzia wiki ya 20, kwa ajili ya figo za mtoto na maji yaliyomzunguka. Katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza pia kufunga mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake.

Kwa wengi wa hawa, parasetamoli ndiyo ya kuanzia, kisha waende haraka kwa daktari wa meno.

Nasi wa Pwani tuna onyo letu maalumu. Homa ya dengi imeshatulipukia Mombasa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2013, 2017 na 2021. Dengi hupunguza chembe zinazogandisha damu, na aspirini au ibuprofeni juu yake huweza kuleta kutokwa damu. Ukiwa na maumivu ya jino na wakati huohuo una homa kali, macho yanauma kwa nyuma na viungo vinakatika, shika parasetamoli tu mpaka upimwe.

Miraa, muguka na tumbo tupu

Hapa nakuomba msomaji usinikasirikie, maana najua mabarazani petu jambo hili lina wenyewe.

Miraa tunayoila Pwani hutoka milima ya Nyambene, Meru, sehemu za Igembe na Tigania. Muguka hutoka Mbeere, kaunti ya Embu. Sote tunakumbuka vuta nikuvute ya Mei 2024. Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais akasema zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo. Mabishano yale yalikuwa ya biashara, vijana na siasa. Sikusikia mtu akizungumzia meno.

Mama wa Maua aliniambia jambo ambalo kwa miaka mingi alilishuhudia kazini. Mlaji hukauka mdomo, na mate ndiyo mlinzi wa kwanza wa meno. Kisha ili kuukata ule uchungu, kinywa kinajazwa ubani wa kutafuna wenye sukari, soda na njugu kwa saa tano, sita. Majani yanakaa upande mmoja wa shavu na ufizi wa upande huo unaumia. Tundu linaingia polepole.

Jino likianza kuuma, mlaji humeza diklofenaki. Lakini miraa huikata hamu ya kula, kwa hiyo tumbo ni tupu. Miraa pia hupandisha presha na kuyaharakisha mapigo ya moyo, na jamii ya Brufen nayo hupandisha presha. Miraa yenyewe imehusishwa na maumivu na vidonda vya tumbo. Ni mizigo miwili juu ya punda mmoja. Mimi sikuwa nimekula miraa siku ile, ila tumbo tupu lilitosha kunionyesha.

Kama unakula na jino linauma, basi angalau siku hizo uache, ule chakula kwanza, unywe maji, na uende ukatazamwe.

Mwezi wa Ramadhani

Swali hili huulizwa sana. Aliyefunga akiumwa jino, anaweza kumeza kidonge baada ya kufuturu na kingine baada ya daku, vyote juu ya chakula, na anywe maji mengi usiku, kwa sababu mwili uliokauka pamoja na dawa hizi huzichosha figo. Maumivu yakizidi, dini yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Muulize sheikh wako, lakini usijikalifishe mpaka ukaanguka.

Karafuu, chumvi na makosa ya nyumbani

Mafuta ya karafuu si ushirikina. Yana kitu kiitwacho eujenoli ambacho hutia ganzi, na madaktari wa meno wamekitumia kwa muda mrefu. Tone moja kwenye pamba, juu ya tundu, si kwenye ufizi, maana yanaunguza. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi nako kunasaidia kusafisha. Lala na mto wa juu ili kupunguza ule mgongo wa usiku.

Lile la kuweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi liacheni. Aspirini ni asidi, na itauchoma ufizi ukawa mweupe na kidonda bila kulifikia jino.

Na zile kapsuli za rangi mbili? Zilikuwa amoksilini, dawa ya kuua vijidudu. Mama aliniambia nisiendelee nazo mpaka daktari aseme. Kiini kilichovimba hakiponi kwa amoksilini wala Flagyl. Dawa hizo zina kazi yake pale maambukizi yanaposambaa, uso umevimba au kuna homa, na hata hapo usaha lazima utolewe. Ukizimeza ovyo, siku utakapozihitaji kweli huenda zisifanye kazi.

Kidonge kinanunua muda tu

Asubuhi yake, baada ya uji, kidonge kimoja cha parasetamoli na usingizi mzuri, jino lilikuwa limetulia. Nikamwambia Mama kwamba nafuu imepatikana, nitaangalia mambo nikifika Mombasa. Akakaa chini, akanisimulia juu ya kijana mfungaji wa vibunda vya miraa aliyemhudumia zamani. Kijana yule alikuwa akimeza vidonge kwa majuma. Siku moja maumivu yakaisha yenyewe, akafurahi. Hakujua kwamba mshipa wa fahamu ulikuwa umekufa na maambukizi yalikuwa yanateremka mfupani. Wiki chache baadaye aliletwa shingo imevimba, ulimi umeinuliwa juu, hawezi kumeza mate yake. Alipona, lakini baada ya kukatwa shingoni usaha utoke na kulazwa siku nyingi.

Hali hiyo ina jina katika vitabu vya tiba tangu mwaka 1836, ilipoelezwa na daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig, na mpaka leo inaua kwa kuziba njia ya pumzi. Kwa hiyo ukiona mojawapo ya haya, usimeze kidonge kingine, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane:

- uvimbe unaoteremka chini ya taya au shingoni, au unaopanda kuelekea jicho;
- kushindwa kumeza, kuongea au kufungua mdomo;
- kupumua kwa shida;
- homa na kutetemeka pamoja na uvimbe wa uso;
- kutapika damu au choo cheusi baada ya kumeza dawa za maumivu.

Hata bila dalili hizo, vidonge visivuke siku tatu kabla hujaonana na daktari wa meno. Hospitali za rufaa za kaunti zina vitengo vya meno, Mombasa kama ilivyo Meru na Embu. Huhitaji kusafiri hadi Nairobi.

Ukiwa dukani, sema mambo manne kabla hujapokea chochote: umri wako, maradhi uliyonayo, dawa unazomeza, na kama una mimba. Kisha ulize jina la kila kidonge na liandikwe juu ya bahasha. Asiyeweza kukwambia jina la anachokuuzia, mrudishie bahasha yake.

Nami nilimsikiliza Mama. Nilishuka Meru mjini siku hiyohiyo nikaonana na daktari wa meno. Alipiga picha, akanionyesha tundu lililofika hadi kwenye mzizi. Aliniuliza tangu lini jino lile linashtuka nikinywa maji baridi. Nikahesabu, ilikuwa kama miezi minane. Akaniambia wakati ule kuziba kungetosha, nami ningeondoka na jino langu. Sasa liling'olewa, na nimerudi Pwani na pengo.

Wahenga hao hao walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino hata ukuta hujengi, maana jino la pembe si dawa ya pengo. Basi wewe ambaye jino lako linashtuka leo kwa maji baridi, na ukameza kimoja ukasahau, nenda wiki hii likiwa bado la kuzibwa.